Mwendo wa Opel

Pale Sarpi, mpakani, afisa alituuliza tuendako.
"Magharibi," akasema Gocha.
"Magharibi wapi?"
"Mpaka gari lichoke."
Akatugongea mihuri bila kucheka.

Gari lenyewe ni Opel ya baba yake Khatuna:
kioo cha nyuma hakipandi,
mlango wa kushoto hufunguka kwa teke na dua,
na ukizidisha sitini usukani hutetemeka
kama mikono ya mdaiwa mbele ya mdai wake.
Basi hatukuzidisha sitini.
Haraka ina wenyewe; sisi tulikuwa na Septemba nzima.

Kuliani Bahari Nyeusi, nyeusi kwa jina tu.
Kushotoni chai, chai, chai,
milima imenyolewa kama vichwa vya watoto
siku ya kufungua shule,
na magunia ya majani yakiteremka kwa waya,
yakining'inia juu ya paa letu.
Nestan alikuwa na ramani na kalamu nyekundu.
Kufika Arhavi ramani ilikwishalowa mafuta ya samaki,
tukaigeuza kitambaa cha meza.
Tulisimama kwa kila kitu:
kwa mbwa aliyelala katikati ya njia na kukataa kuamka,
kwa kikaango cha sima ya jibini
iliyovutika toka sahanini hadi kidevuni kwa Khatuna
ikagoma kukatika,
mpaka mwenye mkahawa akaja na mkasi.

Siku ya tatu, ng'ambo ya Findikli,
mwanamke alikuwa akigeuza njugu za hazeli kwa reki,
zulia zima la njugu, kando ya lami,
pale hasa tulipotaka kuegesha.
Tukaegesha. Akatufokea kwa Kituruki.
Tukatabasamu, lile tabasamu la wasioelewa.
Akatupa kisogo, akawanung'unikia kuku wake
kwa lugha nyingine,
na Gocha akaganda, funguo mkononi.

"Rudia," akasema, kwa Kimingreli,
lugha ya jikoni kwa bibi yake,
ambayo shuleni tulimcheka nayo, mimi nikiwamo.

*Guri*, akasema, akijigonga kifua.
*Guri*, akajibu yule mama, akajigonga chake.
Moyo.
*Chkhomi*, akaonyesha baharini. *Chkhomi!*
Samaki.
Wakaendelea hivyo, neno kwa neno,
kama watu wawili wanaounganisha vigae vya sahani moja.
Vingine havikuoana; wakaviweka kando.

Jina lake Saniye. Alitupa njugu, tukazivunja kwa meno.
Gocha, furaha imempanda, akaisifu barabara:
pana, nyoofu, bahari dirishani safari nzima.
Mama akaacha kutafuna.
Akapiga mguu chini mara mbili, palepale tulipoegesha.
Gocha akatafsiri, akikwama kwama:
"Anasema hapa palikuwa... maji.
Anasema malori yalileta mlima, yakaumwaga.
Zamani akilala alisikia mawimbi.
Sasa anatusikia sisi."

Hakuna aliyejua pa kuweka macho.
Nestan akaifungua ramani, akaikunja tena.
Mama mwenyewe ndiye aliyetuokoa:
akamsukumia Khatuna reki,
akasema jambo lisilohitaji mkalimani.
Tukageuza njugu hadi alasiri,
mimi kwa mikono, magoti juu ya lami,
juu ya mlima, juu ya maji.

Tuliondoka kwa arobaini,
halafu thelathini,
malori yakitupigia honi na matusi,
Gocha akitamka maneno chinichini
yasije yakamponyoka.
Kwa hesabu ya Opel, siku ile
tulikwenda kilomita kumi na tisa.
Khatuna akasema kesho tujaribu kupunguza.